Arobaini ya Mama Gervas

Mama Gervas alikufa Jumanne asubuhi akiwa na miaka themanini na minane, na neno lake la mwisho hapa duniani lilikuwa kwamba uji umezidi chumvi. Severina, binti yake, aliyekuwa ameshika kijiko, akauonja. Haukuzidi chumvi. Alipoinua uso amjibu, mama alikuwa ameshakwenda zake, jibu likabaki mdomoni mwa mwana. Akakaa nalo kidogo. Halafu akaumaliza ule uji, maana tangu jana yake mchana hakuwa ametia kitu tumboni, ndipo akatoka uani kuwaita majirani.

Msimwone hana utu. Miaka tisa mfululizo, tangu kiharusi kimpige mama upande mzima wa kushoto, Severina ndiye aliyemgeuza, aliyemwogesha, aliyemfulia, aliyemkuna mgongo. Kiharusi kilichukua mkono, kikachukua mguu, ulimi kikauacha. Kama kingewauliza watu wa nyumba ile, wangekishauri vingine.

Mama alizaa saba, akazika wanne. Mkubwa wa waliobaki, Gervas, yule aliyempa mama jina la kuitwa mtaani, alikuwa Dar es Salaam amestaafu. Wa mwisho, Bibiana, alikuwa Mtwara kwa mume wake. Severina wa katikati alikuwa Masasi, kwenye nyumba ya mama nyuma ya stendi, chini ya milima ile ya mawe, kwa sababu ndipo alipokuwepo siku mama alipoanguka. Ndugu zake walimsifu sana. Kwenye kundi lao la simu Gervas aliandika kila mwezi kwamba Mungu atamlipa dada yetu, na Bibiana akaweka chini yake picha ya mikono miwili iliyokutana kwa sala. Hakuna aliyewahi kuja kumpokea hata wiki moja.

Sasa, Severina alikuwa na mtu. Aliitwa Dastani, fundi cherehani wa Newala, mgane, aliyefiwa na mkewe, mpole, mwenye kukohoa kidogo kabla ya kusema jambo lolote. Alikuja kuposa mara mbili. Mara ya kwanza mama alimuuliza kutoka kitandani, kwao wanachota wapi maji. Dastani akakohoa, akasema amejenga tangi kubwa la kuvunia maji ya mvua. Mama akacheka kwa nusu ya mdomo.

"Mimi nimezaliwa Newala," alisema. "Nimeshuka bondeni na mtungi nina miaka saba, nikapanda nao mlima alfajiri, nikaupanda tena na tena mpaka utosi ukaota sugu. Namshukuru Mungu niliolewa huku chini. Leo nimrudishe mwanangu kulekule kwa ajili ya tangi?"

Ilikuwa sababu nzuri na ya kweli, ila haikuwa yenyewe. Yenyewe ni kwamba hakuna mwingine wa kumwogesha. Mara ya pili Dastani alipokuja, mama alijifanya amelala tangu saa nane mchana hadi kengele ya kanisa ya jioni, na mgeni akaondoka hajafungua mdomo.

Mngeuliza kwa nini wasijiondokee tu, watu wazima wale, Severina na miaka hamsini na moja. Dastani hakutaka. Mke wake wa kwanza alitoka kwao bila radhi ya mama yake mzazi, na hakupata mtoto, na akafa mapema. Newala nzima ilikuwa na maelezo yake juu ya hilo, na Dastani alikuwa ameyaamini. Alimwambia Severina atamngoja mpaka mama yake akubali, au mpaka Mungu aamue. Basi wakangoja. Severina hakuwahi kuomba mama afe. Aliomba tu Mungu afanye apendavyo, akijua fika jinsi Mungu apendavyo kwa watu wa umri ule.

Ndani ya nyumba alikuwemo pia Upendo, binti wa Severina, mtoto wa dereva mmoja wa malori ya korosho aliyepita msimu mmoja tu. Alikuwa na miaka ishirini. Alikua akimshika bibi yake miguu huku mama yake akimshika mabega, na katika kumgeuza huko akajua anataka kuwa muuguzi. Barua ya chuo ilikuwa imekuja, kule Mtwara, masomo yaanze mwezi wa kumi. Mpango wa mama na mwana ulikuwa mwepesi: arobaini ipite, Upendo ateremke Mtwara, Severina apande Newala, nyumba ifungwe.

Siku tatu kabla ya arobaini, akaja mjomba Nikolao kutoka Lulindi, amekaa nyuma ya bodaboda kama mzigo wa muhogo. Alikuwa mdogo wake marehemu, na kwa kuwa kwetu huku ukoo ni wa mama, neno lake ndilo lililokuwa likisikika katika nyumba ile. Alikunywa maji, akamwita Severina chumbani.

"Dada aliacha neno," alisema. "Jina lake linakuja kwako."

Severina hakuhitaji kufafanuliwa. Kila mtu wa huku anajua. Mtu mzima wa ukoo akifa, jina lake halizikwi naye. Siku ya arobaini anakalishwa mtu mkekani, anafunikwa kanga ya marehemu, anapakwa unga wa mtama utosini, usoni na mikononi, na akifunuliwa, ndiye. Anaitwa kwa jina la marehemu, analala chumba chake, na watoto wa marehemu, hata wawe na mvi, wanampa shikamoo kama mama yao. Shauri halikatwi bila yeye. Mtoto hasafiri wala haolewi bila yeye. Wageni wote wa ukoo hufikia kwake, na wagonjwa, na wajukuu wanaoletwa kulelewa kwa sababu mjini maisha magumu. Ni heshima kubwa, na Severina alikuwa ameiona heshima hiyo kwa karibu, ikimvunja mama yake mgongo muda mrefu kabla ya kiharusi.

Akaelewa jambo jingine pia. Mama hakusahau chochote pale kitandani. Alikuwa amemwona Dastani vizuri kabisa kwa macho yake aliyoyafumba, akapanga.

"Na nikikataa?" aliuliza.

Nikolao alimtazama kama aliyeulizwa itakuwaje jua likikataa kuchomoza. "Hajawahi kukataa mtu," alisema, akaomba chai.

Severina akalichukua jibu hilo jinsi alivyotaka. Kama hajawahi kukataa mtu, basi hakuna kinachozuia kukataa. Na Bibiana yupo, tumbo moja, mwanamke mwenzake. Mkeka utasogea hatua moja na kumkuta. Ndivyo alivyofikiri. Hakumuuliza mzee swali la pili, na hilo lilikuwa kosa lake.

Akamwambia Upendo jikoni, wakichambua mbaazi. Upendo aliacha kuchambua.

"Ukikalishwa, mama, mimi siendi popote. Siwezi kukuacha peke yako na jeshi la watu hawa."

"Sikalishwi. Nitasema mbele yao wote. Wewe utakwenda chuo, Mungu ni shahidi."

Upendo alimkumbatia kwa mikono iliyojaa vumbi la mbaazi. Severina alikuwa na furaha siku ile, furaha halisi, na usiku akalala fofofo.

Arobaini ikafika. Yakashuka magari kutoka Dar es Salaam, wakashuka watu kutoka Newala, Lulindi na Chidya, uwanja ukajaa viti. Padri aliongoza sala, halafu Gervas akasimama na karatasi kusoma wasifu wa marehemu. Alikuwa na sauti nzuri ya kusomea.

Alisoma kwamba mama yao mpendwa Magdalena alizaliwa mwaka 1936, akaolewa 1953, akawa mama wa nyumbani maisha yake yote. Kwamba aliwalea wanawe, wajukuu, na yatima kumi na wawili. Kwamba katika nyumba yake mtungi haukuwahi kukauka wala jiko kupoa. Kwamba hadi siku yake ya mwisho alikuwa msafi, nguo zake nyeupe, chumba chake kinanukia. Watu wakaitikia kwa kichwa. Severina, aliyekaa karibu na sufuria, aliitazama mikono yake iliyochubuka kwa sabuni, akasikia jinsi kazi yake ilivyosomwa yote kwa jina la mtu mwingine.

Jambo moja lilimuuma zaidi, na halikuwa lake. Mwaka Gervas alipokuwa na miaka mitano alishikwa na degedege, na mama alimbeba mgongoni usiku kucha kwa miguu hadi hospitali ya misheni, mimba ya miezi saba tumboni. Gervas alipona. Ile mimba ilitoka njiani, na mama aliizika mwenyewe kwa jembe la kuazima. Hadithi hiyo Severina alisimuliwa mara moja tu, mama akiwa na homa. Kwenye karatasi ya Gervas haikuwemo. Hakuijua, maana hakuwahi kukaa kitandani kwa mama muda wa kutosha kuisikia. Kwa kitambo kidogo Severina alimwonea mama yake huruma kali, hata machozi yakamtoka, na watu wakasema mnaona alivyompenda.

Padri alipokwisha kula alikumbuka ana safari. Padri wetu ni mtu wa huku, anajua nini kinafuata na anajua asikione. Gari lake lilipokata kona, mkeka mpya ukatandikwa katikati ya ua, na mjomba Nikolao akaja na kanga ya marehemu begani na bakuli la unga mkononi.

"Severina," aliita. "Njoo ukae."

Severina alisimama pale pale alipokuwa.

"Mjomba, nasikitika. Nimemuuguza mama miaka tisa. Jina lake silitaki. Nataka maisha yangu yaliyobaki."

Mwanamke mmoja alimziba mtoto wake masikio. Gervas alifungua kinywa akakifunga, maana hakuwa na karatasi ya jambo lile. Nikolao aliangalia bakuli lake.

"Basi Bibiana yupo," alisema Severina. "Na yeye ni mwana."

Bibiana alikuwa ameshasimama. Miaka tisa hakuwahi kuinuka kwa kasi ile.

"Jina lililokataliwa halivuki kwa mwenzake," alisema. "Ndivyo tulivyokuta. Linashuka. Aliyetajwa akikataa, linamwendea binti yake wa kwanza. Mjomba, si kweli?"

Nikolao alifikiri. Alifikiri kwa haki, mzee yule, hakuwa na ubaya. "Ni kweli," alisema. "Nilisikia kwa bibi yangu. Ila sijawahi kuona likifanyika." Akageuka akawatazama wasichana waliokuwa wakiosha vyombo. "Upendo. Njoo, mwanangu."

Upendo alisimama, mikono inachuruzika maji. Hakumtazama mzee. Alimtazama mama yake.

Hapo Severina alikuwa na nafasi. Tusimwonee, lakini pia tusimfichie: nafasi alikuwa nayo, tena pana. Toka pale Upendo alipokuwa hadi mkekani ni hatua ishirini, na msichana alizitembea polepole kama anayebeba maji yaliyojaa. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Basi, nitakaa mimi. Severina alilihisi mdomoni. Kando ya neno hilo akamwona Dastani amesimama mlangoni kwake Newala, katika ukungu wa asubuhi, anakohoa. Akajiambia Upendo bado mdogo. Akajiambia ni mila tu, chuo atakwenda, watu watasahau, yeye mwenyewe atakuja kuzungumza na mjomba baadaye, taratibu. Akajiambia mambo mengi kwa muda mfupi. Alipomaliza kujiambia, kanga ilikuwa imeshamfunika msichana kichwani.

Unga ukapakwa. Nikolao akanena maneno ya ukoo kwa Kimakonde, akaifunua kanga. Uso wa Upendo ulikuwa mweupe kwa unga, umetulia.

"Dada," alisema mzee, na machozi yalikuwa yakimtiririka kweli. "Umerudi. Shikamoo, dada."

"Marahaba," alisema Upendo.

Vigelegele vikapasuka. Gervas, baba wa watu, mwenye mvi na kitambi, akapiga goti. Shikamoo mama. Marahaba, Gervas. Bibiana akapiga goti. Marahaba, Bibiana. Zamu ya Severina ikafika, watu wakampisha, na akapiga magoti mbele ya mtoto aliyemzaa.

"Shikamoo, mama."

Upendo alikawia kidogo. "Marahaba, Severina," alisema, akageukia aliyefuata.

Asubuhi yake Severina alifunga begi. Basi la Newala huondoka saa tatu. Alikuwa amelala vibaya, lakini alikuwa amelala akiwa huru, na alijiambia kwamba uhuru nao una mazoea yake. Alibakiza jambo moja tu, kuaga. Alikwenda chumbani kwa mama. Upendo alikuwa amekaa juu ya kitanda cha marehemu, kama mila inavyotaka, amejifunga kanga ya marehemu. Bibiana alikuwa akimkunjia shuka. Mjomba Nikolao alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, anapiga mswaki kwa kijiti.

"Upendo," alisema Severina.

"Usimwite hivyo," Bibiana alidakia. "Unamtukana marehemu. Upendo hayupo."

Severina akapiga magoti.

"Mama, nimekuja kuaga. Nakwenda Newala."

"Kwa nani?"

"Unajua kwa nani."

"Nijibu."

"Kwa Dastani."

Upendo aliitazama mikono yake. Unga ulikuwa umebaki kwenye kucha. Aliposema, alisema kwa utaratibu, bila kupandisha sauti.

"Jana nilipoitwa, nilikutazama. Sikuogopa. Nilikuwa na hakika utasema. Nikakaa mkekani nikasema sasa hivi. Wakanifunika, nikasema sasa hivi. Hata unga uliponigusa, chini ya kanga mle, nilikuwa bado nakusikiliza."

"Mwanangu, nilidhani ni jina tu. Chuo utakwenda. Jina halimfungi mtu miguu."

"Lingekuwa jina tu, ungelichukua wewe."

Severina alitazama huku na huku akitafuta wa kumsaidia, na mjomba Nikolao alikuwa ameacha kupiga mswaki.

"Barua ya chuo nimempa mjukuu wa Gervas afungie maandazi," aliendelea Upendo. "Mama wa ukoo hakai bwenini. Mjomba ameniambia na mimi nimekubali. Na wewe nakuambia. Huyo Dastani akikuhitaji, aje aseme na mimi. Nikiona anafaa nitakuita. Nisipoona, nitalala."

Bibiana aliangua kicheko, akajipiga paja. "Mama huyo," alimwambia Nikolao. "Mama mtupu. Sikia hiyo sauti." Na mzee naye akatabasamu, amefurahi kutoka moyoni.

"Upendo, tafadhali," Severina alinong'ona. "Nina miaka hamsini na moja."

"Siwezi kukufunga kamba. Mlango huo, na begi lako umelishika. Ila radhi yangu huna, na nitampigia simu Dastani mwenyewe nimwambie huna, kabla basi lako halijafika Newala. Utamkuta amefunga mlango, unamjua." Alinyoosha miguu yake juu ya kitanda, miguu ya msichana, yenye nguvu, isiyo na ufa. "Usikate tamaa lakini. Mama yako wa kwanza ulimngoja akafa. Mimi nina miaka ishirini, Severina. Ningoje na mimi."

Huko stendi dereva alipiga honi, akaipiga tena. Severina alibaki amepiga magoti mpaka Bibiana alipomwambia ainuke, wageni hawajapata chai. Akainuka, akaliacha begi pale pale sakafuni, akaenda kuwasha moto.